Beti Tisa Mbele ya Jeneza

Sehemu ya sita

Koleo bado limo kinywani mwa Mzee Okinyi. Nyinyi wiki nzima mmekula na kulala. Yeye bado ameketi kwenye stuli ya Mama Truphena, hapa Kayole, mikono imefungwa nyuma kwa waya wa kuanikia nguo, na chuma baridi kimebana jino lake la mbele.

"Nauliza kwa mara ya mwisho," alisema Willis. "Ndugu yangu atatoka nyumba hii na tarumbeta, au atatoka kimya kama mbwa?"

Mzee Okinyi, mkuu wa bendi ya Kanisa la Malango ya Sayuni, alitikisa kichwa kadiri koleo lilivyomruhusu. Hapana. Phares alivua sare ya kanisa kwa mikono yake mwenyewe, akaenda kupiga gitaa la besi kwenye bendi ya roki. Aliyevua sare hapigiwi tarumbeta. Hata kama amekufa kwa kukatwakatwa.

"Nitapiga!" Elsie alipiga yowe kutoka mlangoni. "Mwache baba! Nitapiga mimi!"

Willis alimgeukia. Akatabasamu.

"Umesikia, mzee? Binti yako ana akili."

Kisha akavuta.

Jino lilitoka kwa mlio wa tawi bichi linalovunjwa. Damu ikaruka, ikachora mstari kwenye kanzu nyeupe. Mzee Okinyi hakulia. Elsie alilia kwa niaba yake.

"Nimekwambia nitapiga!"

"Nimekusikia. Hilo ni la jana, aliponifungia lango la kanisa usoni. Ya leo bado yako mdomoni mwake."

Willis hakuona mwiko ukija. Mama Truphena alimpiga nao sikioni, akampiga tena pale pale, na uji moto ukamtapakaa shingoni.

"Damu nyumbani mwangu! Ndugu yako amelala hapo ndani ya sanduku, wewe unamwaga damu hapa!"

"Mama..."

"Usiniite mama! Nilikutuma ulete tarumbeta. Nilikutuma ulete meno?"

Lakini hakusema mzee afunguliwe. Hilo Elsie aliliona. Mama huyu alikuwa na wana wawili, Willis na Phares. Phares alikatwa mapanga kule mtaa wa Umoja akitoka mazoezini, kwa sababu jioni hiyo alivaa koti la ndugu yake. Mapanga yalikuwa yamekusudiwa Willis. Kila mtu Kayole alijua, na Willis alijua kuliko wote. Sasa mama alitaka mwanawe atoke nyumbani kama watoto wengine waliobatizwa Malango ya Sayuni wanavyotoka, na tarumbeta ikitangulia.

Willis alijipangusa uji shingoni. Akamkabidhi koleo jamaa mmoja mnene aliyeitwa Ambaro.

"Sikiliza, Elsie. Gari la maiti haliwezi kuingia hapa, wamechimba mtaro wa maji taka barabara nzima. Tunabeba jeneza hadi kwenye lami. Utapiga Wimbo wa Lango. Beti zote tisa mpaka amina. Ambaro anabaki hapa na mzee, dirisha wazi. Akisikia amina, anamfungua. Wimbo ukikatika njiani..."

Ambaro alifungua koleo, akalifunga. Ta!

"Elsie," alisema Mzee Okinyi. Maneno yalitoka na mapovu mekundu. "Usipige. Meno ninayo mengi."

"Baba, nyamaza."

"Basi ukianza, umalize. Unaijua sheria. Wimbo wa Lango ukikatwa mbele ya jeneza, lango hubaki wazi. Mwingine wa nyumba hiyo hufuata."

Mama Truphena aliketi sakafuni ghafla, kama aliyekatwa miguu. Akamtazama Willis, uji ukimtiririka kifuani.

"Nimebakiwa na mmoja," alisema. "Mjinga. Lakini ni mmoja."

*

Nje, Ayuma alikuwa akisubiri na tromboni yake. Huyu ni binti wa shangazi yake Elsie, mrefu, mabega ya mbeba mawe, ulimi wa pilipili. Kando yake palikuwa na mkokoteni uliopakiwa jenereta, spika mbili na seti ya ngoma. Juu ya mkokoteni aliketi Rufaida, mpiga ngoma, mtandio wake ameufunga nyuma ya shingo. Chini alisimama Gordon, gitaa begani, macho yamevimba kwa kulia.

Gordon, Rufaida na Phares walikuwa bendi ya watu watatu. Sasa walikuwa wawili na jeneza. Walikuja kumpigia rafiki yao nyimbo zake mwenyewe pale kwenye lami, gari likishampakia.

"Tuelewane," Gordon alimwambia Elsie. "Nyinyi pigeni ya kanisa njiani. Sisi yetu tutapiga tukifika. Hatuchanganyi."

"Nani ameomba kuchanganya?" Ayuma alidakia. "Nani anataka makelele yenu?"

"Makelele?" Rufaida alicheka bila furaha. "Dada, wallahi hiyo tromboni yako inalia kama ndama aliyefungiwa chooni."

"Na hizo ngoma zako kama sufuria zinaanguka ngazi!"

"Nyamazeni wote," alisema Elsie. "Wana koleo mdomoni mwa baba."

Ayuma akainua tromboni yake.

Wanaume wanne wakainua jeneza. Willis alishika pembe ya mbele. Mama Truphena akafuata nyuma, leso kichwani, bila kiatu kimoja. Elsie alilowesha midomo, akavuta pumzi, akaanza.

Wimbo wa Lango haupigwi kwa haraka. Hupigwa kwa mwendo wa mtu aliyebeba maji kichwani. Ubeti mmoja unaweza kuchemshia chai. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili. Watu wakatoka kwenye roshani za maghorofa, kina mama wakiwa na nguo mbichi mikononi, mafundi wakiwa na kucha zilizojaa oili. Wengine wakajipiga ishara ya msalaba. Wa tatu ukapita salama.

Katikati ya ubeti wa nne, jeneza likafika kwenye kona ya mtaro.

Munene, adui wa Willis, alikuwa amesimama pale pale, mbele ya banda la makaa, kama mtu anayemngoja mgeni. Nyuma yake vijana wengi. Kila mmoja na panga, na wasio na panga walikuwa na mawe.

"Willis!" aliita. "Safari ile nilikosea ndugu. Nilitazama koti. Leo nimekuja kutazama uso."

Jiwe la kwanza lilimpata mbebaji wa nyuma kwenye taya. Alianguka bila neno. La pili likavunja kioo cha duka. Wabebaji wawili waliosalia wakatupa mzigo, wakatimua mbio, na jeneza likadunda chini, likaserereka, likasimama ukingoni mwa mtaro huku upande mmoja ukining'inia juu ya maji machafu.

Mama Truphena alijirusha juu yake kifudifudi, akalikumbatia.

"Hamtamuua mara mbili!" alipiga kelele. "Hamtamuua mara mbili!"

Willis alichomoa panga kutoka chini ya koti. Wa kwanza aliyemfikia alimkata mkono juu ya kiwiko. Mtu yule akautazama mkono wake ukining'inia, akashangaa kwanza, kisha ndipo akalia.

Na Elsie je?

Elsie alikuwa anapiga.

Angefanya nini? Nyuma yake, dirisha moja lilikuwa wazi, na sikio la Ambaro limetegwa. Tarumbeta ikinyamaza, koleo linafunguka. Alipiga hatua mbili hadi kwenye kichwa cha jeneza, Ayuma akamfuata, wakasimama bega kwa bega, wakaendelea na ubeti wa nne kwa mwendo ule ule wa kubeba maji.

Jiwe likagonga tromboni. Ngo! Mdomo wa shaba ukaingia ndani kama bati. Ayuma hakuondoa midomo yake.

Gordon alikuwa chini ya mkokoteni, tumbo kwenye matope.

"Elsie! Kimbia! Mmerogwa?"

Mpiga tarumbeta hana mdomo wa kujibu. Elsie aliinua mkono wa kushoto, vidole vyote vitano vimechanuka, akautikisa.

"Anasema nini?"

"Beti tano," alisema Rufaida, aliyejikunja nyuma ya spika. "Phares aliniambia. Wimbo wao huu haukatwi. Wakikata sasa, yule mzee anang'olewa kinywa kizima. Bado beti tano."

"Kwa mwendo huu? Tutazikwa kaburi moja na Phares!"

Rufaida alichungulia. Mbele, Willis alikuwa amezungukwa. Nyuma yake, wasichana wawili wa kanzu nyeupe walikuwa wakipuliza polepole, polepole, kana kwamba wana mwaka mzima.

"Basi tuwaharakishe," alisema.

"Tuwa-nini?"

"Washa jenereta, Gordon!"

Alipanda juu ya mkokoteni wazi wazi, akaketi kwenye kiti chake. Jiwe likamchana nyusi kabla hajashika fimbo. Damu ikaziba jicho moja. Akatumia lililobaki. Akaipiga ngoma kubwa kwa mguu, akaipiga ile ndogo kwa hasira zote alizokuwa nazo tangu siku waliyompigia simu kuhusu Phares, na kila pigo lilikuja kwa haraka mara mbili ya wimbo.

Elsie alisikia. Alikataa. Tangu akiwa na umri wa miaka saba alifundishwa kwamba wimbo huu una mwendo mmoja tu, na mwendo huo ni baba yake akihesabu kwa kidole juu ya meza ya jikoni. Akajikaza kubaki nyuma. Ngoma zikampita, zikarudi, zikamkanyaga visigino.

Ni Ayuma aliyekubali kwanza. Tromboni iliruka juu ya pigo la Rufaida kama mtu anayerukia lori linalotembea, na Elsie, aliyeogopa kuachwa peke yake, akaruka pia.

Hapo gitaa la Gordon likaingia.

Sijui niwaelezeje sauti ile. Waliokuwepo wanasema madirisha yalitetemeka hadi Spine Road. Gitaa lilinguruma chini kama mashine ya kukata chuma, ngoma zikapasua, na juu ya vurugu hiyo yote zile shaba mbili zililia wimbo wa mazishi kwa mwendo wa watu wanaofukuzwa. Haukuwa wimbo wa kanisa tena. Haukuwa roki ya Gordon pia. Kilikuwa kitu ambacho Kayole ilikuwa haijawahi kukisikia, na kilizaliwa pale, kati ya mtaro wa choo na jeneza, kwa sababu watu wanne walitaka kumaliza upesi waendelee kuishi.

Ubeti wa tano ukapita kama chai inayomiminwa. Wa sita ukapita.

Kwenye roshani, watu wakaanza kupiga vyuma kwa miiko. Kisha mama mmoja wa ghorofa ya tatu akainua mtungi wake wa maji, ule wa lita ishirini, akautupa. Ulimshukia kijana wa Munene begani. Mfupa ulisikika ukivunjika hata kwenye kelele zile.

"Ongeza, mama!" mtu akapiga kelele.

Mama akaongeza. Jirani yake akaongeza tofali. Wa juu yake akaongeza maji ya ugali yaliyokuwa yanachemka, na wawili waliokuwa wakimzunguka Willis wakakimbia wakijichuna mashati pamoja na ngozi.

Ubeti wa saba. Wa nane.

Lakini Munene hakukimbia. Alipita chini ya mvua ya matofali, akamfikia Willis kando ya jeneza. Mapanga yakagongana. Willis alikata hewa. Munene alikata nyama, kutoka begani hadi kifuani, na Willis akaangukia mapajani mwa mama yake.

"Mama," alisema, akishangaa.

"Nipo," alisema Mama Truphena. Akamfunika kwa mwili wake, nusu ya mwili kwa mwana aliyekufa, nusu kwa aliye hai. "Elsie! Maliza! Maliza, mwanangu!"

Ubeti wa tisa ulikuwa umeanza.

Munene aliinua panga. Kisha kelele zile zikamkera. Akageuka, akamsogelea Ayuma, akasimama mbele ya tromboni yake.

"Nyamaza, wewe!"

Sasa, asiyeijua tromboni nimweleze. Ina mrija unaosukumwa mbele na kurudishwa. Noti za juu unauvuta karibu. Noti za chini unausukuma mbali. Na ubeti wa tisa wa Wimbo wa Lango, kabla tu ya amina, una noti moja ya chini kabisa inayotaka mkono wote unyooke.

Ayuma hakukusudia. Aliapa hivyo kwa polisi, na aliapa hivyo kwa mama yake. Noti ilifika, na yeye akaipiga kama alivyofundishwa, kwa nguvu za mabega yale, na mrija wa shaba ukatoka kama risasi ukampata Munene kooni.

Panga lilimtoka mkononi. Alishika shingo, akatoa mlio mwembamba wa filimbi, akarudi nyuma hatua moja, na hapakuwa na nyuma. Akatumbukia mtaroni kwa kichwa.

Amina.

Elsie aliishikilia noti ile hadi kifua kikawaka moto. Aliishikilia wakati vijana wa Munene wakimvuta bosi wao kutoka kwenye kinyesi, akikohoa damu. Aliishikilia wakati wakimburura kuelekea banda la makaa na kupotea. Aliishikilia mpaka akawa na hakika kwamba hata kiziwi, nyuma ya dirisha lile, amesikia.

Akaiachia.

Kisha Kayole nzima ikapiga kelele kwa pamoja.

"Rudieni! Rudieni!"

"Nyinyi ni kina nani?"

Willis alikuwa anapumua. Mama Truphena alikuwa amemfunga kifua kwa leso yake, akimtukana kwa kila fundo. Gordon alitazama vidole vyake. Nyuzi za gitaa zilikuwa nyekundu.

"Sikia," alimwambia Ayuma. "Jumamosi mnafanya nini?"

"Tuna mazoezi kanisani."

"Na baada ya hapo?"

"Kwanza mwambie mwenzako aombe radhi kuhusu ndama."

"Naomba radhi," alisema Rufaida, mtandio ukiwa umekandamizwa kwenye nyusi iliyopasuka. "Si ndama. Ni fahali kabisa."

Elsie hakuwasikia. Alikuwa akitazama njia waliyokuja nayo, kwa sababu watu walikuwa wanapisha, na katikati yao alikuwa anakuja baba yake. Mikono imefunguliwa. Kanzu imejaa damu. Meno mengine yote yapo.

"Baba!"

Nyuma yake alikuja Ambaro, akicheka, koleo mfukoni.

"Aisee, mlikaribia kumponza mzee!" alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Wimbo si ukageuka katikati? Nikamuuliza: huu bado ndio wenu wa Lango, ama mmenikatia? Akanyamaza. Nikalishika jino la pili. Nikamuuliza tena. Basi mzee akaapa. Kwa jina la Mungu, akasema, ndio huo huo, kanisani kwetu unapigwa hivyo hivyo!" Alimgonga Mzee Okinyi begani kirafiki. "Kanisa lenu ni tamu, mzee. Jumapili nitakuja."

Watu kwenye roshani waliangua kicheko.

Mzee Okinyi hakucheka. Alisimama mbele ya binti yake, akanyoosha mkono.

"Leta tarumbeta."

"Baba, ningenyamaza wange..."

"Wangeng'oa. Nilikwambia ninayo mengi." Alisema polepole, kila neno likipita kwenye pengo. "Nimemtumikia Mungu maisha yangu yote, sijawahi kuapa uongo. Leo nimeapa kwa jina Lake kwamba kelele zile ni Wimbo wa Lango. Nimeapa kwa sababu niliogopa. Na umeniogopesha wewe, uliyeugeuza wimbo, si huyu wa koleo. Leta."

Elsie aliibana tarumbeta kifuani. Jamaa, huyu ni msichana ambaye hajawahi kumjibu baba yake hata kuhusu chumvi kwenye mboga.

"Sileti," alisema.

Kicheko kikakatika ghorofa kwa ghorofa.

Mzee Okinyi aliinama. Alipoinuka, alikuwa na panga la Munene mkononi. Ambaro akarudi nyuma. Gordon akasema, "Mzee, tafadhali."

Kwa mkono wa kushoto mzee aliukamata mdomo wa tarumbeta, akauvuta, akaulaza juu ya jiwe la ukingo wa mtaro. Elsie akaburutwa nayo hadi magotini. Hakuiachia. Vidole vyake vitatu vilikuwa pale pale vinapokaa siku zote, juu ya vitufe.

"Ondoa mkono."

"Siondoi, baba."

"Elsie. Ondoa mkono."

"Nilikuwa napiga kwa ajili yako!"

"Najua," alisema Mzee Okinyi, mtu ambaye hata kuku wa Krismasi huchinjiwa na jirani.

Akafumba macho. Panga likashuka.